Nguvu za Vipande

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Kinyozi, upande ambao jua huchelewa kufika, na ukitaka kujua nani anakaa wapi huna haja ya kuuliza, angalia tu ubao ulivyolika. Mwanzoni anakaa Zege, fundi mwashi, na pale alipo yeye ubao umeshabonyea. Anafuata Daktari, ambaye si daktari: alikuwa anafua mashuka hospitali mpaka akastaafu, na tangu hapo anatutibu bila kuombwa. Kinyozi naye hukaa akikosa wateja, yaani hukaa sana, na kahawa ni yake, kwenye chupa kubwa ya chai. Mimi nashona viatu pembeni, mikono kwenye soli, masikio benchini. Wa mwisho ni Pindo, fundi cherehani, mzee mwembamba ambaye hata suti anazoshona mwenyewe zinampwaya. Wiki ile Pindo alikuwa na jambo zito. Mkewe, shemeji yetu sote, alianguka uani akavunjika nyonga, akapasuliwa, akapelekwa kuuguzwa kwa binti yao mji mwingine. Sasa binti amesema wazi: Jumamosi nesi atakuja nyumbani kwake kumtazama Baba akimtoa Mama kitandani na kumkalisha kitini. Akiweza, Mama anarudi kwake. Asipoweza, Mama anabaki kule moja kwa moja. Ilikuwa Alhamisi, na Pindo alifika benchini hata salamu hakumaliza.

Pindo: Jamani, hebu niambieni. Mazoezi ya vipande yanahesabika?

Zege: Vipande vya nini?

Pindo: Yule nesi aliniambia kwa simu nisihangaike kwenda kunyanyua vyuma na vijana. Nifanye hapohapo nyumbani. Kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni. Kusukuma ukuta, kunyanyua ndoo, kukaa na kuinuka kitini. Akasema, mzee, we gawanya tu, nguvu zitakuja.

Kinyozi: Na umegawanya?

Pindo: Mimi ni fundi cherehani, bwana. Kugawanya ndiyo kazi yangu.

Zege aliweka kikombe chini. Zege akiweka kikombe chini ujue hotuba inakuja, na mimi nilijua kiatu nilichoshika hakitaisha leo.

Zege: Vipande havihesabiki. Nakwambia kama mtu wa ujenzi. Zege la ghorofa linamwagwa siku moja, mnaanza alfajiri mpaka limeisha. Ukimwaga nusu leo ukaenda kulala, kesho ukaleta nusu nyingine, la jana limeshakauka, halilijui la leo. Pale katikati panabaki mstari. Mvua ikinyesha, maji yanapita hapohapo.

Pindo: Kwa hiyo mimi nitavuja?

Zege: Sijasema utavuja. Nimesema una mstari.

Pindo alijipapasa kifuani taratibu, kama anautafuta.

Daktari: Usimtishe mwenzio! Mwili si jengo. Mimi nimekaa hospitali maisha yangu yote.

Kinyozi: Chumba cha kufulia.

Daktari: Na chumba cha kufulia kiko wapi? Sokoni? Sikilizeni. Vidonge vinagawanywa asubuhi, mchana na jioni. Mgonjwa akivibugia vyote kwa mpigo anaanguka. Na mazoezi ni dawa. Kwa hiyo vipande ndiyo vyenyewe, ila lazima vifuate chakula.

Pindo: Kabla ya kula au baada?

Daktari: Hapo inategemea.

Pindo: Inategemea nini?

Daktari: Inategemea chakula.

Pindo: Maskini mimi. Kumbe mkono wa kulia nimekuwa nikiufanyisha kabla ya kula, na wa kushoto baada.

Kinyozi: Ngoja kwanza. Kwani mikono huifanyishi yote pamoja?

Pindo: Pamoja vipi wakati nimeambiwa nigawanye? Mkono wa kulia asubuhi, nikisubiri pasi ipate moto. Nanyanyua ndoo, nashusha, nanyanyua, mpaka pasi iko tayari. Wa kushoto mchana, wateja wakipungua. Mgongo jioni, nausukumia ukutani.

Mimi: Na miguu?

Pindo: Miguu nimeisamehe. Inakanyaga cherehani kutwa nzima, niitese ya nini?

Niliacha sindano ndani ya soli nikamtazama usoni. Hatanii. Mtu mzima, akili zake timamu, amejikata kama kitambaa: mkono huku, mkono kule, mgongo pembeni, miguu haimo.

Kinyozi: Na utaviunganisha lini?

Pindo: Kesho, Ijumaa. Shati huwa naliunga siku moja kabla mwenyewe hajaja kulichukua.

Zege: Utaviunganishaje?

Pindo: Hapo ndipo nilipokwama. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Mwenye akili angeondoka hapohapo akampigie nesi. Lakini benchi letu halijawahi kumwacha mtu aende kumuuliza anayejua. Kinyozi alijaza vikombe, akakohoa, akaingia mjadalani.

Kinyozi: Mimi naona tatizo ni muda. Chukulia mteja, nimemnyoa upande mmoja asubuhi, nikamwambia rudi jioni nimalize wa pili. Akirudi jioni, ule wa asubuhi umeshaanza kuota.

Zege: Sasa nywele zinaota. Nguvu zinapungua. Vinafananaje?

Kinyozi: Vyote havikai.

Zege: Kwa hiyo nguvu zake zinaota?

Kinyozi: Zinanyoleka. Yaani, zinanyolewa. Aa, mmenichanganya! Nilikuwa nimeishika vizuri kabisa.

Daktari: Swali la msingi hamjaliuliza. Nguvu za asubuhi, ikifika mchana zinakaa wapi?

Hata mimi, ambaye nilikuwa nawacheka moyoni, nilijikuta nawaza. Zinakaa wapi kweli?

Zege: Haya, wewe wa hospitali, tuambie.

Daktari: Kwenye paja. Akiba yote ya mwili inawekwa pajani. Ndiyo maana sindano kubwa zinachomwa pale.

Pindo: Lakini paja ndilo nililolisamehe!

Daktari: Basi akiba yako haina ghala. Inafika, inakuta pamefungwa, inaondoka.

Pindo: Inaondoka inakwenda wapi?

Daktari: Hilo hawajaligundua bado.

Pindo aliweka kikombe chini, akaanza kulisugua paja. Nilimwonea huruma. Hawa wenzangu walikuwa wanacheza, lakini mzee wa watu alikuwa anapigania mke wake asibaki kule moja kwa moja.

Zege: Mimi nimepata lingine. Kama mkono wa kulia una nguvu za asubuhi, na wa kushoto una za mchana, na mgongo ni wa jioni, basi hakuna saa hata moja ambayo huyu bwana yuko kamili. Nesi akija asubuhi anakuta mkono mmoja uko kazini, vingine vimelala.

Kinyozi: Loo! Kweli kabisa.

Pindo: Sasa nifanyeje?

Kinyozi: Tumwombe nesi aje mara tatu kwa siku.

Daktari: Nesi hana muda huo, wana wagonjwa wengi. Ila kuna njia. Kama nguvu ni za vipande, basi na shemeji atolewe kitandani kwa vipande. Asubuhi unamshusha miguu. Mchana unamkalisha. Jioni unamhamishia kitini.

Pindo: Halafu?

Daktari: Halafu giza likiingia mnaanza safari ya kurudi kitandani.

Pindo: Kwa hiyo atakuwa njiani kutwa?

Daktari: Lakini salama.

Zege: Na chooni ataenda lini?

Daktari alikunywa kahawa yake yote bila kupumua.

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikakitupa kile kiatu kwenye ndoo.

Mimi: Jamani, mtu ama anaweza kuinua ama hawezi! Mzee yuko hapa, sisi tuko hapa. Ajaribu kwa mmoja wetu tuone.

Zege: Haya, maneno hayo. Shemeji ana mwili kiasi gani?

Pindo: Wa kutosha, kwa heshima yake.

Zege mwenyewe tulimkataa, kumwinua Zege ni kazi ya kreni. Daktari alidai anaumwa mgongo. Akabaki Kinyozi. Tukamkalisha kwenye ncha ya benchi, tukamwambia yeye ni mgonjwa wa nyonga. Akaanza kuugua papo hapo, tena kwa sauti. Pindo alivua koti, akalikunja kwa mshono kama fundi, akampa Daktari alishike. Akainama, akapitisha mikono kwapani mwa Kinyozi, akafumba macho, akavuta. Na kweli, tukashtukia Kinyozi amesimama wima, wamekumbatiana katikati ya njia, wapita njia wanawatazama.

Mimi: Ameweza!

Daktari: Hajaweza. Kinyozi ameinuka mwenyewe.

Kinyozi: Mimi? Mimi mgonjwa, nitainukaje mwenyewe?

Zege: Nimekuona, ulikanyaga chini.

Kinyozi: Sasa miguu yangu ungetaka niiweke wapi?

Pindo: Ngojeni. Nani amemwinua nani?

Swali lile tuliligeuza huku na huku. Zege akasema Pindo amevuta lakini Kinyozi ndiye aliyeinuka. Daktari akasema Kinyozi ameinuka kwa sababu amevutwa, kwa hiyo kuinuka ni kwa Pindo ila miguu ni ya Kinyozi. Nilipouliza hiyo maana yake nini, akaniambia nisiingilie mambo ya utabibu. Tukakubaliana warudie, na safari hii Kinyozi alegee kabisa, asisaidie hata kwa unywele.

Basi Kinyozi akalegea. Alilegea kupita kiasi, shingo imeanguka, ulimi nje. Pindo akavuta. Kinyozi akapanda kidogo, akashuka. Pindo akavuta tena, magoti yakamcheza, na wote wawili wakarudi kukaa kwa kishindo mpaka benchi likaruka upande wa Zege na kahawa ikamwagika yote.

Pindo: Kwa hiyo naweza au siwezi?

Zege: Hapo umeshindwa.

Daktari: Hapo ameshinda. Mgonjwa ambaye ameanguka kitini si amekaa kitini? Na nesi alitaka nini?

Kinyozi: Mara moja ameweza, mara moja hakuweza. Mimi naona ni nusu.

Pindo: Nusu inatosha?

Pindo alichukua koti lake, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, akaketi ameinamisha kichwa. Niliona haya. Tulikuwa tumemchosha mzee, tumemmwagia kahawa kwenye suruali, na sasa alikuwa anajua machache kuliko alipokuja.

Muda huo wote kulikuwa na mama mmoja amesimama mlangoni kwa duka la Pindo, mlango wa pili kutoka kwa Kinyozi, na gauni la kupunguzwa mkononi. Alikuwa mgeni mtaani kwetu, hatukuwahi kumwona. Alikuta cherehani haina mtu, akasubiri, akasikiliza, na mwisho akasogea.

Yule mama: Shikamooni.

Sote: Marahaba.

Yule mama: Samahani, nimesikia bila kukusudia. Huyo mama anayeuguzwa, yeye mwenyewe anataka kurudi?

Daktari alimgeukia Kinyozi, Kinyozi akanigeukia mimi, mimi nikamgeukia Pindo. Muda wote huo tulikuwa tumejadili mikono, ndoo, mapaja na ghala, na hakuna aliyeuliza hilo.

Pindo: Sijamuuliza.

Zege: Hujamuuliza vipi, na unaongea naye kila siku?

Pindo: Naongea naye. Namuuliza kama amekula. Kama amelala vizuri. Kama dawa amemeza. Ananijibu, tunaagana.

Mimi: Sasa hilo moja linakushinda nini, mzee wangu?

Aliinua uso, na macho yalikuwa yamemlowa.

Pindo: Kule kuna choo cha ndani. Kuna wajukuu. Kuna binti anamkanda mguu kila jioni. Hapa kuna nini? Kuna mimi na cherehani. Nikimuuliza akasema, baba watoto, mimi nabaki huku, nitafanyaje? Nitabishana naye? Ndiyo maana nasukuma ukuta. Ukuta haunijibu.

Mimi nilitamani Zege aseme upuuzi wowote ule, lakini hata yeye alikuwa anatazama chini. Yule mama alikaa kwenye nafasi ya Kinyozi, kwa sababu Kinyozi alikuwa amesimama anajifuta kahawa.

Pindo akatoa simu mfukoni. Masikio yake yamechoka na kelele za cherehani, kwa hiyo huwa anaongea kwa spika, mtaa mzima unajua habari zake. Ikaita. Ikaita sana. Nikaona kidole chake kinasogea kwenye kitufe cha kukata, na hapohapo ikapokelewa.

Shemeji: Haloo. Mbona mapema leo? Umekula?

Pindo: Nimekula. Wewe je?

Shemeji: Nimekula.

Pindo: Dawa?

Shemeji: Nimemeza. Kuna nini? Unahema.

Pindo: Nilikuwa namwinua Kinyozi.

Shemeji: Kinyozi anaumwa?

Pindo: Hapana. Ni mambo marefu. Sikia, mama watoto. Nataka nikuulize kitu. Wewe... unataka kurudi?

Pindo akaitazama simu kama imekatika.

Shemeji: Mbona umechelewa hivyo kuniuliza?

Pindo: Niliogopa.

Shemeji: Uliogopa! Na mimi huku nimekaa kitandani nawaza wewe ndiye hunitaki. Kila siku naambiwa Baba atakuja kutazamwa, Baba atapimwa kwanza. Nikasema basi, huyu bwana amechoka na mgonjwa, anatafuta njia ya kusema hawezi.

Pindo: Mimi? Nikuchoke wewe?

Shemeji: Sasa nitajuaje na hausemi? Unaniuliza habari za dawa kama mfamasia.

Kinyozi aliangua kicheko, Zege akamfinya. Pindo hakusikia. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, wa kulia na wa kushoto.

Pindo: Kwa hiyo unataka?

Shemeji: Nataka kulala kwangu. Huku wananitunza vizuri, Mungu awabariki, lakini nataka kulala kwangu.

Kisha sauti ikashuka.

Shemeji: Lakini baba watoto, mimi ni mzito, na mguu haujawa sawa. Utaweza kuniinua?

Pindo alimtazama Zege. Zege akageuka kutazama barabara. Akamtazama Daktari, na Daktari, mtu mwenye jibu la kila ugonjwa, akaanza kukagua kucha zake. Akamtazama Kinyozi, akanitazama na mimi. Ningempa jibu lolote duniani kama ningekuwa nalo.

Pindo: Sijui.

Shemeji: Hujui?

Pindo: Sijui, mke wangu. Nimenyanyua ndoo, nimesukuma ukuta, nimeuliza kila mtu. Sijui kama nitaweza.

Shemeji: Hata mimi sijui kama nitainuka. Basi njoo hivyohivyo. Njoo kesho, usisubiri hiyo Jumamosi, tujaribu mimi na wewe kabla huyo nesi hajafika.

Pindo alisema "nakuja." Alisimama pale mbele yetu analia waziwazi, akaenda kufunga duka.